Pia ya Maji ya Bwana Hartwig

Kimandolu, 2 Agosti 1912

Wote wanaosimulia habari hii wanaikosea. Thomasi, mpishi wa Bwana Hartwig, anasema sokoni kwamba nilijipeleka mwenyewe, nikapiga hodi jikoni na kusema mimi ni fundi. Uongo. Shemeji yangu Lesikar anasema Bwana alinikamata kwa sababu mbuzi wangu walikula majani yake. Uongo tena, mbuzi wangu wana adabu kuliko Lesikar. Wanawake wanaoteka maji mtoni wao wanasema ile mashine iliniita kwa jina. Hao angalau wamejitahidi.

Basi nimemwambia binti yangu Penina, ambaye watu wa misheni walimfundisha kushika kalamu, aandike ninayosema kila siku yenye jambo, mpaka mvua za vuli zitakapoanza. Asiongeze na asipunguze. Anacheka. Andika na hilo, mwanangu, kwamba unacheka.

Ukweli ni huu. Bwana Hartwig ana majani mbele ya nyumba yake. Si majani ya ng'ombe. Ng'ombe akiyala anachapwa, halafu mwenye ng'ombe naye anachapwa. Hayaliwi, hayaezekwi, hayatoi hata ua. Yakirefuka yananyolewa, yakikauka yanaogeshwa, kama mtoto. Na kwa kuyaogesha ameletewa kutoka Ulaya kitu cha shaba chenye miguu mitatu na mikono miwili, na mikono ina matundu. Maji yakiingia chini kwa bomba, mikono inatakiwa izunguke na kurusha maji pande zote kama manyunyu. Mimi nimekiita pia, kwa sababu watoto wa pwani wana mchezo wa pia, na hiki ni pia ya mtu mzima. Sasa pia ya Bwana haizunguki. Imesimama tu inajidondoshea maji miguuni, kama mzee mwenye kibofu kibovu.

Bwana akauliza nani hapa anajua mambo ya chuma. Watu wakanitaja mimi, kwa sababu niliwahi kuwaambia kwamba Tanga, nilipokuwa mpagazi, niliziona pia mia moja zikizunguka mbele ya nyumba za Wadachi, na moja ilipokwama niliipiga kofi ikazunguka mpaka Ijumaa. Penina anasema huko ndiko kujipeleka. Kutajwa si kujipeleka.

3 Agosti

Nimekwenda. Thomasi alinipokea mlango wa jikoni.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Hilo neno fundi umelisema kwa upande gani wa mdomo?"

"Wa kulia, mzee. Wa kushoto unacheka."

Bwana mwenyewe alitoka, mrefu, shingo nyekundu kama ya kuku anayetaga. Kiswahili chake anakikatakata kama kuni, lakini kinafika. Alisema mke wake anakuja. Atapanda meli mpaka Tanga, gari moshi mpaka Moshi, halafu gari la ng'ombe mpaka hapa, kabla ya mvua. "Bibi anapenda majani," alisema. "Kwao majani mengi. Hapa vumbi tu. Wewe tengeneza. Ukiharibu, viboko hamsa ishirini."

Nilimwambia mgongo wangu umeshachoka kuhesabiwa. Hakuelewa, nashukuru.

4 Agosti

Jumapili. Penina alikuwa kanisani. Hakuna wa kuandika, kwa hiyo hakuna kilichotokea.

9 Agosti

Nimeifungua pia yote. Ndani kuna mchanga wa kujenga nyumba. Nimezibua matundu kwa mwiba, tundu moja moja. Shingoni ilikuwa imeshika kutu, nimeisugua kwa majivu na kuipaka mafuta ya mkia wa kondoo. Sasa ukiigusa kwa kidole inazunguka yenyewe bila kelele, laini kama uongo wa mpwa wako akitaka mbuzi.

Nikafungua maji. Ikasimama. Ikadondosha.

Thomasi alikuwa ameleta wafanyakazi wote watazame. Mmoja aliniuliza kama ile ya Tanga niliipiga kofi upande gani.

14 Agosti

Leo sitaki kuchekesha.

Mke wangu Nashilu alifariki masika haya. Alikuwa Mwarusha, dada yake Lesikar. Mimi Mmeru, na kwetu mtu wa nyumbani huzikwa nyumbani, ndani ya migomba. Kwao hawakuwa na desturi ya kufukia maiti. Lesikar alisimama pale nilipochimba akasema nimemfungia dada yake chini kama kiazi. Nikamwambia mwenyewe alitaka, nikaendelea na jembe. Tangu siku ile tunataniana kama zamani, shemeji kwa shemeji, lakini utani umekuwa na mfupa ndani.

Pembeni ya kaburi kuna mgomba alioupanda yeye kwa mkono wake. Wiki tuliyomzika ulikuwa umeanza kutoa mkungu. Nikasema mbele ya watu wote, ndizi hizi ndizo zitakazopikwa pombe ya kumaliza msiba. Wanawake wa rika lake watakunywa, ya kwanza itamwagwa pale chini, naye atatulia. Nimesema kwa mdomo wangu mkubwa na watu wamesikia. Ndizi sasa zina unene wa kidole gumba. Zinataka maji mpaka Oktoba. Bila maji zitabaki vidole.

Maji yetu yanatoka mtoni kwa mfereji. Unapita kwanza shamba la Bwana Hartwig, pale alipoweka sanduku la mbao linalolisha bomba lake. Maji yanayobaki, na ndiyo mengi, yanashuka kwetu. Kila nyumba ina zamu yake. Mkuu wa mfereji ni Lesikar, ndiye anayesema leo nani, kesho nani. Babu zetu wote waliuchimba pamoja, wa Meru na wa Arusha, kwa mijiti na majembe ya mbao. Huo mfereji ndio tumbo letu.

20 Agosti

Penina, funga mlango kwanza. Sasa andika.

Leo nimeigundua siri ya pia. Nilikuwa nimeinama juu ya pia nikiitukana kwa Kimeru, ghafla ikanipiga maji usoni. Ikazunguka. Ikazunguka kwa nguvu, maji yakaruka juu, jua likaingia ndani yake, pakawa na rangi zote. Mimi mzee nilikaa chini kwenye majani ya watu nikacheka peke yangu. Ni kitu kizuri. Siwezi kusema si kizuri. Nashilu angekiona angeiga kwa mikono, angezunguka nacho.

Halafu nikajiuliza kwa nini. Nikapanda mpaka kwenye sanduku. Gogo la mgomba limeanguka mferejini hatua chache chini ya sanduku, limeziba. Maji hayashuki tena kwetu, yamejaa pale, yamepanda, yote yanaingia bombani. Ndiyo maana. Pia haina ugonjwa, ina njaa. Inataka maji yetu yote ndipo icheze.

Nililivuta gogo kwa pupa mpaka nikaanguka nalo. Maji yakashuka nyumbani. Nyuma yangu, kule kwa Bwana, kelele ya pia ikafa. Bwana alikuwa amekwenda bomani, Thomasi alikuwa amelala. Hakuna aliyeona.

Bwana akijua, ataziba. Nani atamkataza?

Nimerudi na nta ya nyuki nikaitia shingoni mwa pia. Hata wakimwaga mto mzima sasa haitazunguka.

"Baba, basi tuwaambie watu wa mfereji," anasema Penina.

"Nikiwaambia watu kumi, Thomasi atakuwa wa kumi na moja."

"Kwa hiyo utanyamaza? Wewe?"

Ndiyo. Mimi.

21 Agosti

Nimekwenda. Nimetengeneza. Haizunguki. Nimerudi.

22 Agosti

Hivyo hivyo.

26 Agosti

Jua la mchana linaipasha shaba moto na nta inalainika. Kwa hiyo asubuhi naweka nta, mchana narudi naweka nyingine. Bwana anaona nakuja mara mbili kwa siku, anamwambia Thomasi kwamba mimi ni mvivu wa akili lakini mwaminifu wa miguu. Thomasi alinitafsiria kwa raha kubwa.

2 Septemba

Wamenitungia wimbo. Wanawake wanauimba wakienda mtoni: fundi wa Tanga, kofi lake limekwenda wapi. Unaimbika vizuri, nimejikuta nauimba mwenyewe nikichunga mbuzi.

Mtu niliyesimulia jinsi nilivyobishana na simba mpaka simba akasinzia, leo nina habari moja ya kweli, nzuri kuliko zote, nami siwezi kuitoa. Imenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Usiku namwambia Nashilu. Yeye alikuwa na tabia hii: nikisimulia, alikuwa anasubiri mpaka mwisho, halafu anauliza, "Na kweli ilikuwaje?" Sasa nina kweli peke yake, hakuna wa kuuliza.

Ndizi zinanenepa.

10 Septemba

Jua. Vumbi. Mlima umevua mawingu, unatutazama uchi.

16 Septemba

Lesikar ametangaza usafi wa mfereji. Kila kiangazi ni lazima, mchanga unajaa na majani yanaoza. Wanaume wote wanatoka na majembe. Asiyekuja anapoteza zamu yake mpaka mvua, awe nani, awe mgonjwa wa nini. Desturi hiyo haina mlango wa nyuma.

Na usafi wetu unakwenda hivi: tunaziba kwa magogo ya migomba, tunachimba sehemu ya chini ikiwa kavu, tukimaliza tunazibua. Pa kuzibia ni mahali pamoja tu, tangu zamani, pale mfereji unapobanwa na mawe mawili. Bwana Hartwig naye alipoleta sanduku lake alipapenda palepale. Aliliweka hatua chache juu ya yale mawe, maji yanakotoka.

Penina ameacha kalamu ananitazama. Ameelewa.

17 Septemba

Nilikwenda kwa Lesikar. Alikuwa anakuna mgongo kwenye nguzo ya zizi kama fahali.

"Ero," akaniita, wanavyomwita kijana wa kuchunga. "Umekuja kuniuzia pia?"

"Shemeji, nimekuja na neno. Mwaka huu tusizibe pale. Au tusisafishe mpaka mvua."

"Umechoka jembe?"

Nikamweleza yote. Gogo, sanduku, nta, pia, Bwana. Nilieleza taratibu, bila simba, bila Tanga. Lesikar alisikiliza, midomo imebana. Mwishoni akapiga makofi.

"Hii nzuri. Hii umeipika vizuri. Kwa hiyo mashine umeitengeneza zamani, ila unaizuia kwa nta kwa ajili yetu."

"Ndiyo."

"Na wewe ambaye kila mtu anakucheka, kumbe unatulinda."

"Ndiyo, Lesikar."

"Masika ulisema ulikula meza moja na Kaisari."

"Hiyo ilikuwa hadithi."

"Na hii?"

"Hii siyo."

"Mtu atajuaje?" Sasa hakuwa anacheka. "Ulimfukia dada yangu ukasema mwenyewe alitaka. Nani alimsikia? Wewe peke yako. Kila jambo ni wewe peke yako uliyeliona. Njoo na jembe kesho kutwa, usipokuja mgomba wako utakunywa vumbi."

Nilirudi.

Nilifikiri kukaa kwa Bwana siku ile ya usafi nizidi kuweka nta. Lakini nisipokwenda mferejini zamu yangu imekwisha na ndizi zimekwisha. Nikienda, nta itayeyuka mchana na mimi sipo. Penina amesema atakwenda yeye kuweka nta. Wafanyakazi hawamruhusu mwanamke kukanyaga yale majani. Tumekaa. Chakula kimepoa.

19 Septemba

Andika polepole, nitasema polepole.

Alfajiri nilipita kwa Bwana, nikashindilia nta yote niliyokuwa nayo. Nikaenda mferejini. Tulikuwa wanaume wengi, baridi ya mlima, moshi wa tumbaku, matusi ya kirafiki. Waliponiona wakaanza wimbo wangu. Lesikar ndiye aliyepanga magogo pale kwenye mawe mawili. Anapanga vizuri, tone halipiti. Maji yakaanza kujaa nyuma yake.

Nilichimba kwa bidii ambayo sijawahi kuwa nayo, nikiwaza tumalize kabla jua halijapanda. Wenzangu walishangaa. "Fundi leo ametoa kofi lake," walisema. Jua lilipanda hata hivyo.

Tulipomaliza ilikuwa saa sita imepita kidogo. Lesikar akashuka kuzibua. Hapo ndipo tukasikia kule kwa Bwana mtu anapiga kelele ya furaha kama mtoto. Thomasi amenieleza baadaye: Bwana alikuwa mezani, pia ikaanza, ikazunguka, akatoka na leso ya chakula shingoni, akasimama katikati ya majani akalowa mpaka viatuni, anacheka.

Lesikar akavuta gogo la kwanza, la pili. Maji yakateremka kwetu, watu wakashangilia. Kule kelele ikakatika.

Sisi tunafunga majembe tuondoke. Bwana akaja kwa miguu akifuata bomba, amelowa, leso bado shingoni. Akatazama sanduku. Akatazama maji yanavyoshuka. Akamtazama Lesikar, ambaye alikuwa amesimama mferejini na gogo mikononi.

"Rudisha," akasema.

Lesikar hakuelewa. Bwana akaonyesha kwa kidole. Lesikar akaweka gogo, akaweka la pili. Tukasubiri. Maji yakapanda. Kule chini pia ikaanza, tsi-tsi-tsi-tsi, wote tuliisikia.

"Toa."

Akatoa. Ikanyamaza.

"Rudisha."

Akarudisha. Hapo Lesikar aliinua kichwa kuisikiliza ile tsi-tsi ikianza tena, nami nikajua ameelewa. Aligeuka akanitafuta kati ya watu. Alinipata. Alinitazama muda wa mtu kumeza mate mara moja, akainamisha kichwa.

Bwana akasema liache hapo. Kesho atamleta askari akae penye sanduku, mpaka mvua inyeshe. Akaniona. Akanipiga begani, akasema, "Wewe, Sumari, fundi mzuri."

Watu wote wakanitazama. Unaona walivyoelewa? Fundi ametengeneza. Fundi ndiye aliyeleta balaa.

20 Septemba

Askari amefika. Ni Mmanyema, mpole, anasuka kikapu. Ana bunduki.

Mfereji umekauka mpaka kwetu. Vyura wamebaki wanashangaa.

23 Septemba

Wanawake wameacha kuimba. Ningependa waimbe.

28 Septemba

Penina na mimi tunashuka mtoni na vibuyu. Ni mbali, na kupanda ndiko kubaya. Maji ya kunywa kwanza, mbuzi baadaye, mgomba mwisho. Nikiufikia unakunywa kibuyu kizima kabla sijamaliza kukiinua, na chini panabaki pakavu kama hapajawahi kuguswa. Majani ya chini yamejikunja.

Majirani migomba yao hawaimwagii hata tone. Wana watoto wa kunywesha. Jirani yangu Marta aliniona na kibuyu, akasema, "Baba Penina, unamnywesha aliyekufa." Hakusema kwa ubaya. Aliweka chini mtungi wake akamimina kidogo penye shina, akaenda zake.

4 Oktoba

Bibi amefika. Nilikuwa pale, kwa sababu sasa mimi ni fundi mzuri, natakiwa kuipaka pia mafuta. Alishuka kwenye gari la ng'ombe mwembamba, uso wa rangi ya nta yangu. Bwana alimshika mkono akamwonyesha majani, mabichi, na pia inazunguka, na zile rangi ndani ya maji. Nilidhani atacheka. Bibi alitazama, akaziba mdomo, akalia. Bwana alisimama na kofia mkononi hajui aiweke wapi.

Nilikuwa nimemchukia mtu yule mwezi mzima kwa nguvu zangu zote. Pale nilimwona anavyoikunjakunja ile kofia, nikaona mwanamume aliyemwahidi mke wake jambo. Sikufurahi kuona. Ni rahisi kumchukia mtu aliye na majani tu.

7 Oktoba

Bibi ana homa. Madirisha yamefungwa. Pia inazunguka, hakuna anayeitazama.

11 Oktoba

Leo Lesikar alikuja kuaga. Migomba yake imekufa, ng'ombe wake wamebaki ngozi. Anahamia Nduruma, kule tambarare, kuna ndugu wa mama yake na maji ya mto.

Alipita kati ya migomba yangu, jambo ambalo hajalifanya tangu nimzike dada yake. Akakaa kwenye jiwe karibu na kaburi. Nilimpa maji kwenye kibuyu, akanywa nusu, nusu akamwaga chini ya mgomba. Akasema, "Shemeji, ulisema kweli. Ulisema kweli na mimi sikukusikia." Nikamwambia si neno, hata mimi ningejicheka. Akasema atawaambia watu. Halafu akafunga shuka akaenda kuwafuata ng'ombe wake.

Nilimsindikiza mpaka penye masale ya mpakani. Nikamwambia akifika Nduruma asiwaambie kwamba ni shemeji yangu, watamnyima maji.

15 Oktoba

Bibi amepelekwa kwa machela, watu wanne wamembeba, kurudi Moshi akapande gari moshi, na kwao kama atafika. Bwana amekwenda naye. Thomasi anasema hakula siku mbili. Askari yupo bado penye sanduku, hakuna aliyemwambia aondoke. Nilimwomba afungue kidogo, hata nusu siku.

"Mzee wangu," alisema, "mimi nimeambiwa mpaka mvua. Mwenye neno hayupo."

"Basi pia inamwagia nani?"

Alitazama kikapu chake. "Mimi nimeambiwa mpaka mvua."

19 Oktoba

Mgomba umekatika katikati. Upepo wala haukuwa mkali. Nilikuwa nasonga ugali nikasikia kitu kimelala chini taratibu, kama mtu anayekaa. Mkungu ulianguka juu ya kaburi. Ndizi ni vidole tu, vyembamba, vigumu, vya kijani. Nimejaribu moja. Ni kama kutafuna kamba.

Penina ameuliza kama bado nataka kupika. Nimesema ndiyo. Tumezifukia shimoni na majani makavu zilainike. Labda.

25 Oktoba

Hazikulainika. Zimekauka zikawa nyeusi. Tumezipika hivyo hivyo na ulezi kidogo aliotupa Marta. Wanawake wa rika la Nashilu walikuja, wachache. Ilikuwa maji machungu yenye rangi ya matope. Kila mmoja alipokea, akapeleka mdomoni, akasema ni nzuri. Wananitania mwaka mzima wale wanawake, na leo wote walidanganya kwa ajili yangu, wala hakuna aliyecheka. Ya kwanza niliimwaga chini. Sijui kama ametulia. Angekuwepo angeuliza kweli ilikuwaje.

3 Novemba

Mvua.

Ilianza adhuhuri, matone makubwa ya kupiga vumbi, halafu mlima wote ukaja chini. Mfereji umejaa ukamwagika. Askari amebeba bunduki na kikapu chake, ameondoka. Kule kwa Bwana pia inazunguka mvuani.

Penina amenisomea yote tangu Agosti. Nilimwambia asiongeze na hakuongeza, ni mtoto mzuri. Anasema pale penye Lesikar ndipo panapomliza, na kwamba angalau watu wa Nduruma watajua baba yake ni mkweli.

Lesikar alikuja. Alikaa kwenye jiwe, na maji alimwaga nusu chini ya mgomba, hayo yote ni kweli. Nilingoja. Alilitazama kaburi, akanitazama mimi, akafunga shuka akaenda. Yale maneno, Penina, ya kwamba nilisema kweli, hakuyasema. Niliyaweka mimi, kwa sababu wewe ulikuwa mtoni.